Ligi Niliyokuchagulia

Ng'ambo, Tabora
Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Idrisa,

Nimefunga duka mapema leo, na anayepiga hodi sasa hivi apige mpaka mkono umuume. Viatu vyake havitakufa. Nimekaa kwenye kigoda changu cha kazi, nimegeuza boksi la soli kuwa meza, na nimeshachana karatasi mbili kwa sababu zilianza na salamu ndefu za kinafiki. Hii haitaanza hivyo. Wewe mzima, mimi mzima, mama yako yuko uani anakukaangia karanga za njiani. Salamu zimekwisha.

Mambo ya sweta, ya kuifunga pasipoti kiunoni, ya kutonunua nyama za dirishani treni ikisimama, mama yako ameshakwambia mara tatu na kesho stesheni atakwambia ya nne. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, nimekaa nalo miaka mitatu, na nina hasira nalo. Ukikuta maneno makali humu ndani usidhani yote ni yako. Machache ni yako na nitakwambia ni yapi.

Nilikudanganya, Idrisa. Nafasi yako ya kwanza ya kwenda Japani haikujaa kama nilivyokwambia. Mwalimu Kenji hakukuacha. Mimi ndiye niliyemkatalia, tena kwa jina lako.

Sasa nitaeleza ilivyokuwa. Pakitokea mahali nimeanza kujitetea, ruka mstari.

Unajua mchezo huu wa besiboli ulivyoingia nyumbani kwetu. Mwalimu Kenji aliletwa kufundisha hesabu, akaja na sanduku la glovu na mipira, akawakusanya nyinyi pembeni mwa uwanja wa shule wakati wenzenu wakicheza kandanda. Mimi niliona upuuzi. Mtu mzima anatoka Japani kuja kufundisha watoto wa Tabora kurusha mpira na kuupiga kwa rungu. Halafu siku moja ukaniletea glovu iliyochanika. Niliishona kama ninavyoshona buti la askari, nikaziba mpaka ule mtandao kati ya dole gumba na kidole cha shahada, nikaipaka dawa ya viatu ikang'aa. Ulipoivaa haikukunjika. Mwalimu akaja mwenyewe, akavua viatu kwenye kizingiti cha duka la fundi viatu, jambo ambalo Ng'ambo nzima ililicheka wiki nzima, akanionyesha pale mpira unapokaa. Nikafumua yote nikashona upya mbele yake. Tangu hapo glovu zote za shule zilipita mikononi mwangu, na nikaanza kuupenda mchezo kwa njia ya ngozi yake.

Mkono wako yeye ndiye aliyeuona. Mimi nilijua tu kwamba kila likizo ulipopelekwa Bukene kwa bibi yako kuamia mpunga, ndege hawakutua upande wako wa shamba. Nilidhani ni kipaji cha kuua kwelea.

Ulipomaliza shule, na ikajulikana kwamba ziko nchi ambako watu wanaifanya besiboli kuwa kazi, baraza la dukani kwangu likapata mada mpya. Unawakumbuka. Wanaume watano ambao hawajawahi kutazama mechi moja mwanzo hadi mwisho, na mimi mwenyekiti wao. Tukachukua chaki ninayochorea nyayo za wateja, tukaandika nyuma ya mlango ligi za dunia kwa ubora wake. Marekani juu. Japani ya pili. Korea ya tatu. Hapo ugomvi ukaanza, Meksiko au Taiwani, Dominika au Kuba, na fundi baiskeli akashikilia Kuba iwe juu ya zote tatu kwa sababu marehemu baba yake alitibiwa na daktari Mkuba akapona. Ndivyo tulivyokuwa tukipima. Mimi ambaye sijawahi kuvuka Morogoro nikazipanga nchi za watu kwenye foleni, na kila aliyeingia kuchukua kiatu nilimsomea.

Kisha katika mwezi mmoja zikaja nafasi mbili.

Ya kwanza ilikuwa barua ya Mwalimu Kenji, ambaye alikwisha kurudi kwao. Aliiandika kwa mkono, kwa Kiswahili, na juu ya bahasha aliandika "Kwa Baba Idrisa", kwa sababu yule mtu ana adabu na aliona mzazi ndiye wa kuombwa. Alisema ipo timu kwenye kisiwa kimoja, katika ligi ya mikoani, chini ya ligi kubwa. Hakuipamba. Alisema utalala bwenini na vijana wenzako, malipo ni ya kujikimu, baridi ni kali, uwanja ni mdogo. Alisema kocha wa warushaji ni mwangalifu na hamrushishi kijana kabla mkono haujapumzika. Alisema kila mwaka wapo wachache wanaochukuliwa kutoka pale kwenda ligi kubwa, na wengi hawachukuliwi. Basi. Hakuna picha wala rangi.

Ya pili ilikuwa yule wakala mwenye tai. Huyo ulimwona. Alikuja kutoka Dar na kompyuta ya kupakata, akatuonyesha uwanja wa watu maelfu unaowaka taa, akasema ligi ya kulipwa, Marekani, mkataba huu hapa. Sikumuuliza ligi gani ya Marekani. Sikujua kwamba kuna la kuuliza. Niligeuza shingo nikautazama mlango wangu, nikaona Marekani iko juu kabisa, na kale kaligi ka kisiwani hakana hata namba.

Jioni ile ile alikuja Mzee Kondo. Unamjua Kondo tangu ukiwa mdogo, mstaafu wa reli, Mzaramo wa Ipuli, mtani wetu, na barua ya mwalimu nilikuwa nimemsomea yeye peke yake. Naandika haya na bado nasikia fimbo yake kwenye saruji. Baraza lilikuwa limejaa, tunakusherehekea, wewe umeshaondoka kwenda Bukene. Akasimama mlangoni na kofia yake ya reli.

"Mwangaluka, wapagazi," akasema, salamu ya asubuhi wakati wa jioni, kwa Kinyamwezi chake kibovu cha makusudi.

"Karibu, mla nazi," nikamjibu. "Umefuata kahawa ya bure?"

"Kahawa nakunywa na nasema. Nyie Wanyamwezi mlibeba pembe za watu toka hapa mpaka kwetu Pwani, mkifika mnapewa kaniki na shanga, mnarudi mnaimba. Leo unamtwika na mwanao. Mpwa wangu alipelekwa na huyo huyo mwenye tai. Kafika huko kalazwa kwenye gereji, wanacheza jangwani, watazamaji mbuzi. Mkono wake sasa hivi hachanjii kuni. Mpeleke mtoto kwa mwalimu wake, wewe mpagazi. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Tulicheka, Idrisa. Nilicheka mpaka nikaangusha msharasi, sindano yangu kubwa, ukanichoma gotini. Mbuzi wanatazama besiboli. Nani angeacha kucheka? Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukuzulia, kukulilia msiba ambao haujatokea. Ndivyo tulivyolelewa tangu enzi za misafara: maneno ya mtani unayapokea kwa kicheko, ukiyachukulia kwa uzito wewe ndiye mshamba. Kondo naye alicheka, akanywa kahawa yake. Lakini alipokuwa anatoka alinishika hapa, kwenye kifundo cha mkono, akasema taratibu, "Hamisi, nimesema."

Nikamwambia, "Nimesikia, mtani, nenda kalale."

Kesho yake nikamtumia Mwalimu Kenji ujumbe kwa simu. Naukumbuka wote kwa sababu ni mfupi: "Idrisa amesema hapana. Anakwenda Marekani, ligi kubwa." Wewe hukusema chochote. Wewe ulikuwa Bukene kumuaga bibi yako. Uliporudi ukaniuliza, "Baba, mwalimu hajaandika?" nikakujibu kwamba ameandika, nafasi zimejaa, wamechukua Wakorea. Hata Wakorea niliwaingiza. Ukasema, "Basi ni kheri." Ukasaini mkataba juu ya meza hii hii ya kukatia ngozi.

Yaliyokupata huko unayajua kuliko mimi, na ninayoyajua nimeyatoa kwako kwa vipande, mama yako akikukanda. Kocha ambaye ndiye pia dereva wa basi. Kurushishwa leo, na kesho, na keshokutwa, kwa sababu warushaji wengine wametoroka. Timu kuvunjika katikati ya msimu na wakala kutopokea simu. Kwenye msafara wa mamba kenge hawakosi, lakini ule ulikuwa wa kenge watupu, na mimi ndiye niliyekuandikisha. Ulishuka stesheni ukiwa umebeba begi kwa mkono wa kushoto. Uliponiona ukasema, "Shikamoo, baba," ukaniuliza hali ya duka. Hali ya duka, Idrisa. Kiwiko kimevimba kama kiazi nawe unaniuliza hali ya duka.

Hapa ndipo palipo machache yaliyo yako, na nitayasema. Nakasirika na adabu yako. Sisi ndio tuliokufundisha, najua, na watu wa mtaa walinisifu kwa ajili yake. Lakini kijana anayeambiwa wamekukataa akasema ni kheri, anayerudi amevunjwa akasema shikamoo, huyo amemrahisishia kazi kila mwenye kumdhulumu. Ungenivunjia kioo. Ungenitupia ile glovu usoni. Ungeuliza barua iko wapi, baba, niione. Swali hilo moja lingenimaliza na ungekuwa Japani leo mwaka wa tatu. Huko uendako wanainama kuliko sisi, nasikia, na hilo linanitia wasiwasi. Inama mgongo. Lakini kocha akikuambia urushe na kiwiko kinakataa, sema hapana, na useme kwa sauti.

Basi. Hayo yako yamekwisha. Narudi kwangu.

Uliporudi nilifanya kitu ambacho hukukiona. Kwenye begi lako kulikuwa na mipira miwili. Mmoja wa ile ligi ya jangwani, mmoja ulipewa na yule mzee wa Venezuela mliyelala naye chumba kimoja, aliyewahi kupita karibu na ligi kubwa ya Marekani akautoa huko. Wa tatu ninao tangu zamani, Mwalimu Kenji aliniachia. Niliiweka yote mitatu juu ya meza, nikaipapasa, kisha nikaipasua kwa kisu.

Mpira wa Japani ngozi yake inashika kidole, na mshono una kimo kimoja kuuzunguka wote. Aliyeushona hakuchoka katikati. Wa ligi kubwa ya Marekani ni mzuri pia, ila unateleza, ndiyo maana kule huusugua kwa tope kabla ya mchezo, na ukiuzoea mmoja mkono unapata tabu kuuhamia mwingine. Ndani, yote miwili, sufu imevingirishwa kwa mkazo ule ule mpaka kwenye kiini. Wa jangwani mshono umerukwa sehemu mbili, uzi umelegea, ngozi ni ya pembeni mwa tumbo ambayo mimi siiweki hata kwenye ndara. Ndani ni vipande vya nyuzi za rangi rangi.

Nilikaa nautazama. Kama yule mwenye tai angeniletea mpira badala ya picha, ningemfukuza kabla chai haijapoa. Ujuzi wa kuipima ligi ile nilikuwa nao kwenye vidole hivi, kwa miaka thelathini, na nilipohitajiwa kuutumia kwa ajili ya mwanangu nikatumia chaki. Hilo linanichoma kuliko jangwa lenyewe.

Tangu hapo nimejifunza. Nimetazama mechi kwenye simu mpaka mama yako akaniambia nimeoa mke wa pili. Nikikwambia sasa habari za ligi, nakwambia kama mtu aliyeingia gharama ya kujua. Ndiyo, Marekani ni ya kwanza, hakuna ubishi, wachezaji bora wa kila nchi hukimbilia pale. Lakini Marekani si ligi moja. Ni ngazi ndefu, na chini ya ngazi kuna vijigenge ambavyo havikuegemea ngazi yoyote, vinaitwa ligi ya kulipwa sawasawa na ile ya juu. Japani wanakaribia kileleni, wao wanatunza warushaji, mrushaji wao mkubwa hupanda kilima cha kurushia mara moja tu kwa wiki. Korea ni wapigaji na nyimbo, watazamaji wao wanaimba kuanzia mwanzo hadi mwisho utadhani harusi. Taiwani ni timu chache lakini wanacheza kwa moyo. Meksiko wanacheza kwenye miinuko, mpira unaruka mbali, mrushaji anaonekana mbaya na si mbaya. Dominika wakati wa baridi ya wenzao wanawarudisha vijana wao nyumbani, na ligi hiyo fupi ina moto kuliko ligi ndefu nyingi. Kuba ilikuwa jabali, ikatobolewa na wanaoondoka. Italia na Uholanzi wengi wanafanya kazi nyingine na wanacheza mwisho wa juma, lakini wanacheza, na hawalazwi gereji.

Orodha yetu ya mlangoni haikuwa na uongo mkubwa. Kosa lake ni kwamba tulipanga nchi kwa wachezaji wao wa juu kabisa, na wewe hukuwa unakwenda kuwa wa juu kabisa. Ulikuwa unakwenda kuwa wa mwisho. Mgeni, mdogo, lugha hujui. Nilipaswa kuuliza: katika ligi hii mchezaji wa mwisho anatendewaje?

Na hilo nililijua. Ndiyo maana nakasirika. Babu yangu alikuwa akisimulia kwamba baba yake, ambaye alikwenda Pwani na kurudi mara nne na mzigo begani, hakuuchagua msafara kwa bendera ya mbele wala kwa ngoma. Alisubiri upite, akatazama nyuma. Akimwona mgonjwa wa mwisho anafuatwa na mtu wa kumbebea mzigo, alijiunga. Akiona nyuma hakuna mtu, na njiani kuna mizigo iliyotelekezwa, alirudi kulima. Nimekusimulia hadithi hiyo wewe mwenyewe ukiwa darasa la tatu. Nimeisimulia kwenye harusi za watu. Siku ilipokuja saa ya kuitumia nikakimbilia ngoma.

Sasa Kondo.

Alikufa mwaka jana wakati wa mvua. Ulikuwepo. Unajua desturi, mtani akifa sisi ndio wa kuuvuruga msiba ili wenyewe wapumue. Jeneza lilipokuwa linatolewa nilijilaza mlangoni nikasema hatoki mtu, huyu Mzaramo amekufa na kofia ya serikali. Watu wakacheka. Nikaichukua kofia yake nikaivaa, nikachukua fimbo yake, nikatembea kama yeye, nikasema kwa sauti yake ya puani, "Mwangaluka, wapagazi." Kicheko mpaka ndani kwa wanawake. Na hapo, sijui kilichonishika, nikaendelea. Nikasema yote aliyoyasema siku ile. Pembe na kaniki na shanga. Gereji. Mbuzi. "Mpeleke mtoto kwa mwalimu wake, wewe mpagazi." Nilisema mpaka mwisho, mpaka "Hamisi, nimesema", na machozi yakinitoka, na watu wakazidi kucheka kwa sababu machozi ya mtani ni ya kuigiza.

Ulikuwa umesimama karibu na pipa la maji. Ulicheka, Idrisa. Nilikuona. Ulicheka huku mkono wako wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, kama unavyofanya siku hizi bila kujua.

Haukuwa utani. Ilikuwa ndiyo njia pekee niliyoipata ya kukiri mbele ya watu wote, nikaichagua ile ambayo hakuna atakayenielewa. Mtu mwoga hata akikiri hujificha. Nilimkasirikia Kondo muda mrefu, nikisema kwa nini hakuja kesho yake, akae, avue utani, aniambie kama mtu mzima. Lakini alikwisha kuniambia. Utani uliwekwa kwa ajili ya maneno ambayo mtu hawezi kumwambia mwenzake usoni pake bila kugombana, na yeye akautumia kwa kazi yake. Mimi ndiye niliyeutumia kujizibia masikio.

Kwa nini nakwambia leo, na si jana, na si miaka miwili iliyopita? Kwa sababu nimebanwa, siyo kwa sababu ni mwema. Mwalimu Kenji aliposikia kwa mwenzako mmoja wa shule kwamba umerudi, alikuandikia wewe moja kwa moja. Ulinionyesha simu. Aliandika, "Kama safari hii utapenda kuja." Ukaniuliza, "Safari hii, baba? Kwani ipo nyingine?" Nikakwambia Kiswahili chake kimeanza kuchakaa. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusema, nikamsingizia mtu lugha.

Yule mtu anaamini ulimkataa. Anaamini ulimtupa kwa ajili ya ligi kubwa, ukavunjika, na bado amekuita. Amekuombea majaribio ya msimu mmoja kwa timu ile ile, japo kiwiko kimepona nusu. Ukifika atakupokea uwanjani, atainama, hatakuuliza, na wewe utamshukuru kwa kuwa amekuona baada ya kukuacha. Mtasimama hapo nyote wawili mna adabu, kila mmoja anamsamehe mwenzake kosa langu. Hilo siwezi kuliacha lipande treni.

Barua yake ya kwanza haikuchanwa. Ilikuwa ndani ya boksi la kalibu za viatu vya watoto, ambalo siku hizi halifunguliwi. Nimeiweka humu pamoja na hii. Isome. Utaona mstari wa mwisho kabisa ameandika kwamba ana hakika ya mkono wako lakini hakika zaidi ya tabia yako. Nilisoma mstari huo miaka mitatu iliyopita nikaona ni maneno ya kujaza karatasi.

Ule mlango nimeufuta leo, kwa maji na sabuni. Haukutoka wote, chaki imeingia kwenye mbao. Marekani bado inasomeka.

Glovu yako nimeimaliza. Kamba zote mpya, ngozi ya ndama, na ule mtandao nimeuacha wazi mahali pake. Nilikuwa nimeamua barua hii niifiche humo ndani, kwenye kidole cha mwisho, uikute ukiwa umeshafika, bahari iko katikati yetu, nami nimesalimika. Nilishaikunja kabisa. Kisha nikajiona, mzee mzima, nakunja karatasi iingie kwenye kidole.

Kwa hiyo nakupa leo, baada ya magharibi, mkononi. Utaisoma chumbani kwako. Mama yako nimemwambia yote saa nane mchana. Karanga za kwanza zimeungua. Mimi nitakuwa nje, kwenye benchi la wateja, nimekaa. Treni ni kesho, usiku wote ni wako. Ukimaliza kusoma toka uje uniambie unachotaka kuniambia, chochote, kwa sauti unayotaka, majirani wasikie.

Na usinianze na shikamoo. Leo sitaiitikia.

Baba yako,
Hamisi